Mihimili iliyohama: uchambuzi wa kisa cha mzigo wa chuma kati ya Gairo na Kibaigwa

Usuli

Kisa hiki kilitokea kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam–Dodoma, kwenye kipande cha kati ya Gairo na Kibaigwa, kwa lori lililobeba vyuma vya kujengea ghala jijini Dodoma. Nilikuwa mshauri wa usalama wa eneo la ujenzi lililokuwa likisubiri mzigo huo. Nilifika lori likiwa bado limesimama njiani, nikawepo wakati wa kupakua na kupakia upya, kisha nikazungumza na karibu kila aliyeugusa mzigo, kuanzia wapakiaji wa yadi. Majina ya watu, kampuni na kijiji nimeyaondoa, na mwaka siutaji. Vipimo vya mzigo nimeviacha kwa sababu bila hivyo kisa hakifundishi kitu.

Tangu serikali ihamie Dodoma, chuma kinachopanda barabara hii ni kingi: nondo, mabomba, pleti na mihimili. Magari mengi yanayokibeba ni yale yale yanayobeba saruji na mahindi. Dereva aliyezoea magunia anajua namna magunia yanavyokaa. Gunia hukaa pale lilipowekwa kwa sababu lina ukwaru, linabonyea na kushikana na jirani yake. Chuma hakibonyei.

Gari lilikuwa kichwa chenye ekseli mbili za kusukuma, kikivuta semitrela bapa ya ekseli tatu yenye sakafu ya mita 12 na ushee. Mzigo wenyewe ulikuwa mihimili 18 yenye umbo la H na upana wa milimita 300, kila mmoja urefu wa mita 9. Mihimili hiyo ilikuwa na kilo 117 kwa mita, kwa hiyo mmoja ni zaidi kidogo ya tani moja. Kulikuwa pia na pleti 7 za unene wa milimita 12, za mita 1.5 kwa 6, kila moja karibu kilo 850. Jumla ni tani 25 kasoro kidogo. Kwa gari la ekseli sita huo ni mzigo wa kawaida kabisa, na hiyo ni sehemu ya sababu hakuna aliyeutazama mara mbili.

Ulivyopakiwa

Upakiaji ulifanyika jioni. Pleti zililazwa kwanza juu ya sakafu ya trela, ambayo nayo ni ya bati la chuma. Juu ya pleti ikaja mihimili 7, juu yake 6, na juu kabisa 5. Ilikuwa na rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mpya na laini. Mbao ziliwekwa mbili tu, chini ya ncha za mihimili ya chini, pale zilipovuka urefu wa pleti. Kati ya safu na safu hapakuwekwa kitu. Nguzo za pembeni za trela hazikuwepo. Matundu yake yalikuwapo, yamejaa mchanga.

Kisha zikapitishwa belti sita juu ya mzigo, kutoka upande hadi upande, bila kinga kwenye kona za chuma. Kila belti iliandikwa tani 5. Msimamizi wa upakiaji alinieleza hesabu yake kwa uwazi kabisa: belti sita za tani 5 ni tani 30, mzigo ni tani 25, basi tumevuka. Nitairudia hesabu hiyo baadaye, maana nimeisikia kwenye yadi nyingi.

Jambo la mwisho ndilo lenye utata zaidi. Kati ya ukuta wa mbele wa trela na ncha za mihimili paliachwa nafasi ya mita moja na nusu, na iliachwa kwa makusudi. Dereva aliwahi kutozwa kwenye mizani kwa ekseli za kusukuma kuzidi. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari inaruhusu tani 18 kwa ekseli mbili za namna hiyo na tani 24 kwa ekseli tatu za trela. Mzigo wa mita 9 ukisukumwa hadi ukutani, sehemu kubwa ya uzito inakaa juu ya kichwa. Ukirudishwa nyuma, uzito unagawanyika vizuri. Lori lilipita mizani ya Vigwaza na ya Mikese bila tatizo.

Kilichotokea barabarani

Baada ya Gairo kuna maeneo ambayo mifugo huvuka barabara jioni ikirudi zizini. Kundi la ng'ombe lilitokea upande wa kushoto, nyuma ya miti, dereva akiwa amekaribia kijiji na mwendo wake ukiwa kama kilomita 50 kwa saa. Akakanyaga breki kwa nguvu zote. Ng'ombe hakugongwa hata mmoja.

Gari liliposimama, vyuma vilikuwa bado vinakuja. Tingo alikuwa amejilaza kitandani nyuma ya viti, na alichonieleza ni mlio, kama geti la chuma linaloburutwa juu ya zege, kisha kishindo kilichomrusha hadi kwenye mgongo wa kiti cha dereva. Akapiga kelele, "Mzee, vyuma vimekuja!"

Mihimili mitatu ya safu ya juu iliteleza mita nzima na nusu na kuupiga ukuta wa trela. Ukuta ulipinda kuelekea kabini. Nilipofika niliweka kiganja kati ya ukuta na bati la nyuma la kabini, na vidole vikagusa pande zote mbili. Nyuma ya bati lile ndipo kilipo kitanda. Mhimili wa nne ulisogea nusu mita. Wa tano, wa pembeni kulia, haukwenda mbele: uliinuka ubavu, ukaegemea nje, na kilichouzuia usianguke barabarani ni belti mbili. Moja kati ya hizo ilikuwa imekatwa nyuzi karibu nusu ya upana wake, pale ilipopita kwenye ukingo wa chuma.

Uamuzi wa dereva

Dereva alimpigia simu tajiri wake. Tajiri alimwambia akaze belti aje taratibu, kwa sababu kreni iliyokuwa ikisubiri Dodoma ililipiwa kwa saa. Dereva akajibu, "Bosi, nisamehe, sisogei. Vyuma vimeshaanza kutembea. Vikitembea tena vinaingia kwangu." Simu ilikatwa, ikapigwa tena, na jibu likawa lile lile.

Hata hivyo alisogea kidogo, na hapa watu wengi waliosikia kisa hiki wanapingana nami. Alipokuwa amesimama palikuwa na bega jembamba, giza linaingia, na mabasi yanapita kwa kasi. Mbele kidogo palikuwa na uwanja mpana wa udongo mgumu, kando kabisa ya lami. Alimtuma tingo atangulie kwa miguu, mbele na mbali, asitembee ubavuni mwa trela, kisha akaliingiza gari uwanjani kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila kugusa breki mpaka likasimama lenyewe. Upande wa mhimili ulioegemea ukatazama porini. Akaweka vigingi kwenye magurudumu, pembetatu za kuakisi barabarani, na matawi ya miti kwa umbali zaidi, kama tulivyozoea.

Wapo wanaosema hakupaswa kuligusa gari kabisa. Kwa maoni yangu alifanya sawa. Kinachohamisha mzigo ni badiliko la mwendo na mwinamo, na kwa mwendo ule kwenye tambarare vyote viwili vilikuwa vidogo mno. Hatari ya basi kugonga trela lililoegemewa na tani ya chuma, usiku, ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Ingekuwa kuna mteremko au shimo la kuvuka, jibu langu lingekuwa tofauti.

Polisi walifika, wakaridhika gari limetoka barabarani. Mwenyekiti wa kitongoji alileta vijana wawili wa kulinda, kwa kuwa watoto walikuwa wameanza kusogea kuona.

Kupakua

Kreni ilifika asubuhi kutoka Dodoma, pamoja na lori la pili, mbao, na minyororo ya eneo la ujenzi. Kiongozi wa vibarua alitaka belti zikatwe kwa kisu ili kazi iende haraka, kwa kuwa zilikuwa zimeshaharibika. Nilimzuia, na mwendeshaji wa kreni akaniunga mkono kabla sijamaliza kusema.

Belti iliyobeba mhimili ulioegemea haikuwa kifungo tena. Ilikuwa imegeuka nguzo. Ukiikata, mhimili wa tani moja unaanguka upande ule ule aliposimama mkataji. Kwa hiyo tulianza na huo mhimili. Mtu alipanda kupitia nyuma ya trela, si ubavuni, akaufunga slingi mbili, yaani kamba imara za kuinulia. Kreni ikavuta mpaka slingi zikakaza na belti zikaonekana kulegea zenyewe. Hapo ndipo belti zilipofunguliwa, kwa kikazio chake, na mfunguaji akiwa upande wa pili wa trela. Mhimili ukainuliwa ukiongozwa kwa kamba ndefu mbili, hakuna mkono uliougusa hadi ulipotua.

Mihimili mingine minne ya juu ilifuata bila shida, isipokuwa mmoja uliokuwa umenasa kwenye ukuta uliopinda. Ulivutwa nyuma kwanza, kisha ukainuliwa.

Kupakia upya

Tuliamua mihimili hiyo mitano iende kwenye lori la pili. Tajiri hakupenda, maana safari ya pili ina gharama. Ila ukuta wa mbele ulikuwa umeisha nguvu, na hatukuwa tayari kurudisha safu ya tatu kwenye gari ambalo halina kizuizi mbele wala nguzo pembeni.

Zilizobaki tulizishusha na kuzipanga upya: mbao kavu zisizopigwa randa juu ya sakafu, pleti juu yake, mbao tena, mihimili 7, mbao, mihimili 6. Mbao za kila safu zilikaa wima juu ya zile za chini, ili uzito ushuke moja kwa moja sakafuni na usipindishe chuma katikati. Sehemu ya mbele ilibaki wazi kama mwanzo, kwa sababu suala la ekseli lilikuwa bado lipo. Badala ya kusukuma mzigo mbele, tulizungusha minyororo miwili ya milimita 10, ya daraja la 80 (kipimo cha uimara wa chuma chake), kwenye uso wa mbele wa mzigo, ikavutwa kurudi nyuma na kukazwa kwenye fremu ya trela, pande zote mbili. Juu zikapita belti mpya sita, na kila kona ya chuma ikawekewa kipande cha tairi kuukuu.

Lori lilisimama Kibaigwa kukaguliwa. Belti mbili zilikuwa zimelegea kiasi cha mkono kupita chini yake, kwa kuwa mbao zilikuwa zimekaa sawa. Zikakazwa. Mzigo ulifika Dodoma ukiwa haujasogea.

Matokeo

Hakuna aliyeumia. Mzigo ulichelewa siku mbili. Ukuta wa trela ulitupwa, na mhimili mmoja uliopinda ukingo ulikataliwa na mhandisi ukabadilishwa. Tajiri alitaka gharama ya kreni ikatwe kwenye posho ya dereva. Uongozi wa mradi ulimwandikia kuwa gari lililokataa kuendelea ndilo lililowapunguzia hasara, na dai hilo likaondolewa. Nimefurahi kuliona likiondolewa. Dereva akitozwa kwa kusimama, wa kesho hatasimama.

Uchambuzi: tani 5 za belti ni tani gani?

Turudi kwenye hesabu ya yadini. Namba kubwa inayoandikwa kwenye belti ya milimita 50 inaeleza belti inaweza kuvutwa kwa nguvu kiasi gani: kwa kawaida kilo 2,500 ikivutwa moja kwa moja, na 5,000 ikizungushwa kitu na kurudi. Haielezi inabana mzigo kwa kiasi gani. Hilo huamuliwa na mkono wa anayekaza, na kwenye lebo lina namba yake ndogo, nyingi zikiwa kati ya kilo 300 na 500. Tuchukue 300 kwa kuwa belti zilikuwa chakavu. Belti moja iliyopita juu ya mzigo inabonyeza upande huu na upande ule, yaani kama kilo 600. Sita ni tani 3.6. Kutoka tani 30 za msimamizi tumefika 3.6.

Na hata hizo 3.6 hazizuii chuma kwenda mbele. Zinakibonyeza chini tu. Kinachozuia ni msuguano unaotokana na kubonyezwa huko. Kanuni za ufungaji zinazotumika Ulaya na Australia hutaka mzigo uzuiwe kwa nguvu sawa na 0.8 ya uzito wake kwa upande wa mbele, na 0.5 kwa pembeni na nyuma. Safu yetu ya juu ilikuwa na tani 5.3, hivyo ilihitaji kushikwa kwa tani 4.2. Chuma juu ya chuma chenye rangi laini kina msuguano wa 0.2 au pungufu, yaani nguvu inayozuia ni 0.2 tu ya nguvu inayobonyeza. Jumlisha uzito wa safu na nguvu ya belti, unapata tani 8.9, zidisha kwa 0.2, unapata tani 1.8. Breki ya nguvu ilikuwa lazima iishinde. Ng'ombe wasingetokea pale, pangetokea mtoto au bodaboda mahali pengine.

Sasa weka kati ya safu mpira uliotengenezwa kwa kazi hii, ambao msuguano wake huhesabiwa 0.6. Tani zile zile 8.9 zinatoa 5.3. Belti zile zile sita, mihimili ile ile, na safu ya juu isingeondoka. Kwa mbao kavu zisizo na randa, zenye karibu 0.4, tungepata 3.6: haitoshi peke yake, ila ni mara mbili ya tulichokuwa nacho.

Kwa mzigo mzima hesabu inakuwa ngumu zaidi. Tani 25 zinahitaji tani 20 za kuzuia mbele. Hata kwa mpira wa 0.6, belti sita zinafikisha 17 tu. Ndiyo maana mzigo mzito wa chuma haufungwi kwa belti za kupita juu pekee. Lazima kuwe na kitu kinachouzuia moja kwa moja, ama ukuta wenye nguvu inayojulikana, ama mnyororo unaovuta kinyume. Mnyororo mmoja wa milimita 10 wa daraja la 80 hushika tani 6.3 bila kutegemea msuguano. Kwenye upakiaji wa pili, tani 19.6 zilihitaji 15.7. Mbao na belti zilitoa kama 9, na minyororo miwili ikabeba iliyobaki na kuzidi.

Nafasi ya mbele

Ripoti ya kwanza ya mkandarasi iliandika kwamba kosa ni kuacha nafasi mbele. Sikukubaliana nayo. Dereva alikuwa na sababu ya kweli, na ukimwambia asogeze mzigo hadi ukutani utamrudisha kwenye faini ya ekseli na breki zinazochoka kwenye mteremko. Kosa ni kuacha nafasi bila kuweka kitu cha kufanya kazi ambayo ukuta ungeifanya. Nafasi tupu ya mita moja na nusu humpa mhimili muda wa kupata mwendo kabla ya kugonga. Ukuta unaoweza kuhimili chuma kinachouegemea hauhimili chuma kinachokuja kwa kasi.

Mizani nayo ilichangia bila kukusudia. Tingo aliniambia, "Tulipita mizani mbili, tukajua tuko salama." Mizani hupima uzito. Haiulizi mzigo umeshikwa na nini, na risiti yake isipewe kazi hiyo.

Kilichobaki wazi

Wapakiaji wa yadi ile hulipwa kwa lori, si kwa muda. Kuweka mbao kati ya kila safu na kufunga minyororo huongeza zaidi ya saa nzima, na saa hiyo hailipwi na mtu. Nimependekeza ilipwe na mnunuzi wa chuma, iandikwe kwenye oda pamoja na bei ya usafiri: idadi ya mbao, minyororo ya kuzuia mbele, nguzo za pembeni, kinga za kona, na picha ya mzigo uliofungwa kabla gari halijatoka getini. Mradi wetu umekubali kuanza hivyo. Minyororo bado ni ya kuazima. Tajiri ana magari manne na hajanunua hata mmoja, na mpaka nilipoandika haya tumeafikiana kwamba gari lake lisilo na minyororo halipakii mihimili yetu, libaki kwenye saruji.